Nilivyokusanya vyombo vya kupikia pombe ya ulezi hapa Mbeya

Pombe yangu ya kwanza ya ulezi ilikuwa lita 60, na zote ziligeuka siki. Nilinunua pipa la plastiki la mtumba, nikalisugua kwa sabuni mpaka vidole vikachubuka, nikalifunika kwa kitambaa cheupe kama nilivyokuwa nikimwona shangazi akifanya kule Tukuyu tangu nikiwa mtoto. Siku ya sita harufu ilinipokea mlangoni.

Nilipompigia shangazi simu aliuliza maswali mawili. "Mwanangu, hilo pipa lilibeba nini kabla halijafika kwako? Na pombe ilikaa siku ngapi?" La kwanza sikuweza kulijibu. La pili ndilo lililonifungua macho. Pombe yake huiva leo, kesho ikanywewa ikaisha, hivyo kitambaa kinamtosha. Mimi nilitaka ikae siku kumi, mpaka ndugu wa Dar wafike kwa mkutano wa ukoo mwezi wa Desemba. Vijidudu vinavyogeuza pombe kuwa siki vinahitaji hewa, na mimi nilikuwa nimeviachia hewa wiki nzima.

Kwa hiyo nilihitaji chombo kinachofungwa, lakini kinachotoa gesi. Pombe inapochachuka hutoa kaboni dayoksaidi nyingi, na ukiibana kwenye dumu lililokazwa kifuniko, dumu linavimba na linaweza kupasuka.

Nilianzia soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya. Tangu mwaka 2020, wakati wa Corona, ndoo za lita 20 zenye koki za kunawia mikono zimejaa madukani, na kwa kazi yangu hizo ni dhahabu: zina mfuniko, zina koki, na unanunua mpya. Mapipa ya mtumba niliachana nayo kabisa. Muuzaji mmoja alinionyesha ile pembetatu yenye namba 2 chini ya pipa akasema hilo ni la chakula. Namba ile inataja aina ya plastiki tu. Pipa lililobeba dawa ya kuulia wadudu shambani linaweza kuwa na namba hiyohiyo, na sabuni haitoi kilichokwisha kunywewa na plastiki. Ndoo za bati nazo ziacheni kwa maji ya kufulia, maana uchachu wa pombe unayeyusha ile zinki iliyopakwa juu, na watu wanaugua tumbo.

Njia ya gesi niliipata duka la dawa. Mpira wa dripu! Nilitoboa mfuniko kwa msumari uliopashwa moto, tundu likiwa dogo kuliko mpira wenyewe ili ubane, nikauzungushia kipande cha tyubu ya baiskeli, ncha ya pili nikaizamisha kwenye chupa ya maji. Gesi inatoka ikifanya mapovu, hewa ya nje hairudi. Usiku wa kwanza nilikaa jikoni nikisikiliza ile bluku, bluku, bluku, sikutaka kwenda kulala.

Kipimo cha sukari, cha kujua pombe imefikia wapi, kilinisumbua zaidi: sukari ikigeuka kileo, pombe huwa nyepesi na kipimo huzama zaidi. Jirani zetu wa Rungwe wanafuga ng'ombe wa maziwa, kwa hiyo nilinunua kile kipimo cha kioo ambacho wakusanyaji maziwa hutumia kukamata walioongeza maji. Alama zake zinaanzia 15 hadi 40. Togwa langu jipya, kabla ya kutia hamira, lilisoma 38. Kesho yake 24. Siku ya tatu kipimo kilizama chote, na hapo ndipo kinapokoma kusaidia, kwa sababu pombe iliyoiva huwa chini ya 15. Mwishowe niliagiza kipimo chenyewe cha pombe kutoka Dar, kikaja na basi kikiwa kimeviringishwa ndani ya kanga. Ila kama huna, cha maziwa kitakuvusha nusu ya njia.

Kegi, yale mapipa ya chuma ya bia, nilizitamani sana. Muuza vyuma chakavu alikuwa nayo moja ya lita 50, inang'aa, bei ya kutupa. Nikaigeuza, nikaona jina la kiwanda limegongwa ubavuni. Hizo ni mali ya kiwanda, hurudishwa tupu zikajazwe tena, na mtu aliyeitoa njiani kaiiba. Fundi wangu wa kuchomelea naye alinikanya: "Dada, hii ikiwa na presha ndani ukaigusa kwa grainda, ile valvu inaruka kama risasi." Nikamrudishia muuza vyuma. Badala yake nilinunua keni ya maziwa ya alumini, lita 40. Haikuundwa kubeba presha, kwa hiyo siitumii kuchachulia. Naihamishia pombe iliyokwisha kutulia siku ya safari tu, na napakulia humo.

Kimea, yaani ulezi uliochipuzwa, ndicho kazi halisi. Mwulize muuza ulezi kama umetiwa dawa ya ghalani. Ukitiwa, hata kama umeota vizuri, usiuguse. Naloweka siku moja nikibadilisha maji, kisha navumbika chini ya magunia mabichi. Desemba unachipua kwa siku tatu. Juni, kwa baridi hii ya Mbeya, ni siku tano, na hizo mbili za ziada ndizo zinazoleta ukungu. Nikiona hata konzi moja ya kijivu natupa fungu zima, kwa kuogopa sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu. Kuchemsha hakuiondoi, na tena huku kwetu, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi tu.

Mwezi wa Desemba nilipeleka keni moja Tukuyu. Hii ni ya ukoo, siuzi, maana kuuza kunataka leseni. Shangazi alionja, akanyamaza, akaonja tena. Kisha akaomba kuiona ile ndoo. Nilimwonyesha kwenye simu picha ya mpira wa dripu kwenye chupa, akaivuta simu karibu na macho.

"Nitengenezee mbili," akasema.

Koki nimeshazifunga. Jumamosi nampelekea.