Safu mbili nilizoongeza kwenye daftari la tumbo

Miaka minne nimeishi na IBS, tatizo la utumbo la muda mrefu: tumbo linanyonga, nahara siku mbili, kisha choo kinafunga siku tatu. Vipimo vyote safi. Daktari mmoja akaniambia "ni mawazo tu". Nilitoka pale na hasira, na kabla sijafika nyumbani tumbo lilishachafuka. (Kumbe nilikuwa namthibitishia.)

Daktari wa pili hakubishana nami kuhusu kipi kilianza. Alisema utumbo na ubongo huwasiliana kupitia neva ya vagasi, na nyuzi zake nyingi hupeleka habari juu, si chini. Karibu asilimia 90 ya serotonini ya mwili, kemikali inayobeba ujumbe kati ya neva, hutengenezwa utumboni, na bakteria wa huko wana mkono katika kazi hiyo. Serotonini hiyo haipandi kwenda ubongoni, ila huzichokoza neva za tumbo. Kisha akalitazama daftari langu, lililojaa vyakula tu, akanitaka niongeze safu mbili: usingizi na wasiwasi.

Wiki ya tatu nikaona hivi. Jumapili: masaa 7, wasiwasi 3, tumbo shwari. Jumanne: masaa 4, wasiwasi 8, tumbo baya. Chakula kilekile!

Nilikuwa nimeshapunguza vitunguu, ngano na maharagwe. Gesi ilipungua, nikanogewa, nikakaa hivyo miezi mitano. Hapo nilikosea. Mlo ule ni wa wiki 2 hadi 6, kisha unarudisha kimoja kimoja, kwa sababu unawanyima chakula bifidobakteria, bakteria wazuri wa utumboni ambao tunawahitaji.

Nilijaribu pia vidonge vya bakteria. Utafiti wa Kanada wa 2017 uliwapa watu 44 wenye IBS aina moja ya bifidobakteria au dawa ya kulinganishia, isiyo na bakteria hao. Baada ya wiki 6 sonona ilipungua kwa 14 kati ya 22 waliopewa bakteria, na kwa 7 kati ya 22 wa upande wa pili. Wasiwasi haukutofautiana sana. Mimi siapi kwamba vilinisaidia, maana wakati huohuo nilishaanza kulala vizuri.

Ninachoweza kukitetea ni vikao na mwanasaikolojia, na dozi ndogo ya amitriptilini usiku, ile dawa ya zamani ya sonona, niliyoandikiwa kwa ajili ya maumivu ya tumbo. Mdomo ulinikauka wiki mbili za mwanzo.

Mwezi uliopita nilihara tena siku mbili. Nikaandika: masaa 5, wasiwasi 7. Nikazima simu, nikalala mapema.