Mpira wa mkojo baada ya opareshen utolewe mapema jamani

Hili jambo linaniuma sana kama nesi wa wodi ya upasuaji. Mgonjwa opareshen imeenda vizuri, kidonda kinakauka, halafu siku ya nne anaanza homa na kutetemeka, ukifuatilia unakuta ni mpira wa mkojo aliowekewa theatre, upo tu, hakuna aliyeuliza bado una kazi gani. Na sio kwetu tu, kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2000 madaktari waliulizwa kuhusu wagonjwa wao wenyewe, mara 28 kati ya 100 daktari hakujua kwamba mgonjwa wake ana mpira!

Kila siku mpira unapolala ndani, uwezekano wa bakteria kufika kwenye kibofu unapanda kwa asilimia 3 mpaka 7. Wakishafika wanajishika kwenye mpira na kujijengea utando wa utelezi, dawa haiwapati vizuri humo, ndo maana kumpa mtu antibayotiki za kinga ili mpira uendelee kukaa haina maana. Mwongozo wa 2009 wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, unasema baada ya upasuaji utoke haraka, ikiwezekana ndani ya saa 24. Wapo wanaouhitaji kweli, mfano aliyefanyiwa opareshen ya kibofu au mahututi anayepimwa mkojo kila saa, ila kukwepa kubadilisha shuka sio sababu kabisa.

Sasa ndugu mnaouguza, mfuko unaopokea mkojo kutoka kwenye mpira ukae chini ya usawa wa kibofu lakini usiguse sakafu. Kosa ninaloliona sana ni wakati wa kumpeleka mgonjwa eksirei, mtu anaubeba mfuko anaulaza juu ya tumbo, pale pale unaona mkojo unarudi kwenye bomba kuelekea ndani. Umwageni kwanza, kila mgonjwa awe na jagi lake, mdomo wa bomba usiguse jagi, na mikono inaoshwa kabla na baada. Msichomoe mpira kwenye mfuko. Sehemu za siri maji na sabuni yanatosha, Dettol achaneni nayo.

Na raundi ikipita ulizeni, "Dokta, mpira wa baba unatoka lini?" Mna haki hiyo. Ukishatolewa mwangalieni, zikipita saa sita hajakojoa au tumbo la chini linajaa na kuuma, mwiteni nesi hapo hapo, hata kama ni usiku wa manane.