Mipira ya Matambara ya Darasa la Tatu

Jumapili ya tarehe 24 Machi 2019 Taifa Stars waliifunga Uganda mabao 3-0 pale Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Kesho yake asubuhi wanafunzi wangu wa darasa la tatu hawakutaka kusikia habari za kuzidisha kwa saba. Kila mmoja alikuwa ameshajipa jina. Aliyekaa dawati la mbele alikuwa Simon Msuva, mfungaji wa bao la kwanza. Nyuma yake alikaa Erasto Nyoni wa penalti, na kule dirishani kulikuwa na akina Aggrey Morris wawili wakigombea bao la tatu. Akina Samatta, nahodha wetu, walijaa darasa zima.

"Madam, leo tunacheza mpira," waliniambia. Hawakuwa wakiomba.

Shule yetu ilikuwa wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, jirani na mashamba ya mkonge. Baadhi ya watoto waliiona mechi ile kwenye kibanda umiza, kile cha kulipia kutazama mpira kwenye runinga, wamebanana na baba zao. Wengine waliisikia redioni. Mimi niliisikiliza nikiwa jikoni, na roho yangu ilikuwa nusu Dar es Salaam na nusu Praia, kule Cape Verde, kwa sababu ushindi wetu peke yake haukutosha. Ilibidi Lesotho nao wasiifunge Cape Verde. Kule wakatoka suluhu bila kufungana, na sisi tukafuzu AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, kwa mara ya kwanza tangu ile ya 1980 iliyochezwa Nigeria. Pale shuleni aliyeikumbuka safari ile ya kwanza vizuri alikuwa mlinzi wetu, mzee wa makamo ya babu zao. Asubuhi ile alisimama getini akiwasimulia watoto bao la Peter Tino kule Ndola, Zambia, mwaka 1979, lililotupeleka Lagos. Walimsikiliza midomo wazi, halafu mmoja akamuuliza, "Babu, sasa Peter Tino jana alicheza namba ngapi?"

Kipindi cha michezo kilikuwa cha mwisho siku hiyo. Nilichukua mpira wa shule ofisini, nikawatoa uwanjani darasa zima, watoto 64, wavulana kwa wasichana. Nilipoutupa tu katikati, wakaufuata wote kwa pamoja kama kumbikumbi wanaoifuata taa. Ukienda kulia, 64 kulia. Ukitoka nje kwenye majani, 64 kwenye majani. Vumbi halikuwepo, masika yalikuwa yameanza, lakini matope yaliruka mpaka kwenye kola za mashati.

Niliacha kuutazama mpira, nikaanza kuwatazama watoto. Watano au sita, wale wakubwa wa umbo, ndio waliokuwa wakiupiga. Waliobaki walikuwa wanakimbia tu. Kulikuwa na msichana mmoja mdogo, mkimya, ambaye darasani alikaa dawati la nyuma kabisa. Alikimbia kila ulikokwenda mpira mpaka kengele ikagongwa, na hakuwahi kuugusa hata mara moja. Alirudi darasani anacheka, amelowa jasho, akiamini amecheza mpira. Kile kicheko kiliniuma. Mtoto mwenye furaha kiasi kile kwa kukimbia nyuma ya mpira, je, akiupata mguuni itakuwaje?

Tatizo lingine lilikuwa mpira wenyewe. Ulikuwa namba 5, mpira wa watu wazima, wenye mzunguko wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450 ukiwa mkavu. Wetu ngozi ilikuwa imechubuka na ulikunywa maji ya mvua, kwa hiyo uzito wake ulizidi hapo. Mtoto wa miaka tisa, pekupeku, akiupiga mara moja kwa nguvu anachechemea. Namba 4 imetengenezwa kwa watoto wa umri wa kati na namba 3 kwa wadogo zaidi, lakini kabati letu la michezo halikuwa nazo. Magoli nayo ni hivyo hivyo: mita 7.32 kwa upana na 2.44 kwa urefu. Mweke pale kipa ambaye mkono wake ukinyooshwa juu haukaribii mwamba, umemfundisha kufungwa.

Katika shule nyingi nilizozijua, wadogo walikuwa wakisubiri. Timu ni ya la sita na la saba, ndiyo inayokwenda UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, na hawa wa chini kazi yao ni kuokota mipira inayotoka nje. Nilimwendea Mwalimu Mkuu nikamwambia nataka kuwaanzishia darasa la tatu mazoezi ya mpira, yaani wajifunze kweli. Akaniuliza nitatumia mipira gani. Nikamwambia watakuja nayo wenyewe. Alinitazama kidogo, akasema, "Haya Mwalimu, tuone."

Nikawatangazia: Ijumaa kila mtoto aje na mpira aliotengeneza nyumbani, uwe mkubwa kidogo kuliko chungwa. Asiyeweza aombe msaada kwa kaka, dada au bibi.

Ijumaa asubuhi dawati zilikuwa zimejaa mipira. Mpaka leo naiona. Mingi ilikuwa ya mifuko ya nailoni, ile ya rambo, iliyokunjwa na kusokotwa juu ya kipande cha sponji cha godoro kuukuu, kisha ikafungwa kamba ya katani kwa mistari inayopishana mpaka ikawa na miraba midogo midogo. (Mifuko ile ilipigwa marufuku nchini kuanzia tarehe 1 Juni mwaka uleule, na watoto wakahamia kwenye matambara na soksi.) Kulikuwa na mpira uliovikwa mpira wa ndani wa baiskeli, unadunda vizuri, na mwenyewe hakutaka mtu aushike. Yule msichana wa dawati la nyuma alikuja na mpira wa matambara matupu, juu yake kipande cha khanga ya bibi yake kilichoshonwa kwa mkono, uzi mwekundu, mishono ya karibu karibu. Wavulana waliudharau kwa sababu haudundi.

Kumbe mpira usiodunda ndio mwalimu mzuri wa kwanza. Haukimbii. Unaupiga, unakwenda hatua chache unasimama, unamsubiri mwenyewe. Aliyekuja na mpira wa sponji alitumia nusu ya kipindi kuukimbiza.

Nilianza bila timu. Nilichora mraba mkubwa kwa jivu, nikawaambia kila mmoja atembee na mpira wake humo ndani kwa vimguso vidogo, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, bila kumgonga mwenzake. Waliokosa mipira walipokezana na jirani. Mwanzoni macho yote yalikuwa chini na vichwa vikagongana. Basi nikawaambia: nitainua vidole, na mtu asiponitazama hataviona. Nikiinua vitatu, semeni saba mara tatu. "Ishirini na moja!" Vitano? "Thelathini na tano!" Vichwa vikainuka. Hicho ndicho nilichokitaka, maana mchezaji anayetazama mpira tu hamwoni wa kumpa pasi. Na kuzidisha kwa saba, kulikokataliwa Jumatatu, kukaimbwa uwanja mzima kwa hiari.

Nikipuliza filimbi, kila mmoja autulize kwa unyayo. Hilo walilidaka upesi.

Pasi ndiyo iliyotuchukua muda. Mtoto ambaye hajafundishwa hupiga dochi, kwa ncha ya vidole, na kwa dochi mpira hauendi unakotaka, mbali ya kuumiza kidole. Kueleza kwa maneno "tumieni ndani ya mguu" hakukusaidia; waliitikia ndiyo, wakapiga dochi. Nilichovya chaki ya rangi ndani ya maji, nikapita nikiwapaka kila mmoja upande wa ndani wa mguu, pale kwenye upinde kati ya kisigino na kidole gumba. Nikawaambia: mpira wako lazima uwe na chaki. Wakawa wanapiga, wanakimbilia mpira, wanaugeuzageuza kutafuta alama. Mmoja alinijia mbio na mpira mikononi, "Madam, ona, bluu!" Nikawaonyesha na mguu mwingine, ule unaobaki chini: usimame kando ya mpira, vidole vikimwelekea unayempa. Ukiuacha nyuma, mpira unapaa. Kifundo cha mguu unaopiga kikazwe, kisilegee. Nilikuwa mchezaji wa netiboli chuoni, na netiboli ilinifunza kwamba pasi huanzia kwenye kumtazama mwenzako; hilo halibadiliki kwa kuhama kutoka mkononi kwenda mguuni.

Hapo ndipo mmoja wa akina Msuva aliponiambia, kwa heshima kabisa, "Madam, sisi tucheze mpira, wasichana wakacheze rede."

Nikasema sawa, tuanze na rede, wote. Wasichana wawili wakasimama huku na huku na mpira wa matambara, wavulana wakaingia katikati wanne wanne. Walipigwa mmoja baada ya mwingine, mgongoni, begani, kwenye paja, kabla hawajajua mpira umetoka mkono upi. Kisha wakaingia wasichana, wavulana wakarusha. Yule mkimya wa dawati la nyuma alikaa katikati muda mrefu kuliko wote. Alikuwa hatazami mpira ukiwa hewani, alitazama bega la mrushaji, na mpira unapotoka yeye ameshahama.

Nilifurahi mno kuona vile. Mtoto anayecheza rede kila jioni uani kwao ana nusu ya kazi ya beki na ya kipa tayari: anasoma mwili wa mpinzani, anageuka haraka, anadaka, haogopi mpira kumgonga. Amebakiza kuujulisha mguu wake tu.

Tukaweka magoli ya mawe, upana wa hatua nne za mtoto, bila kipa. Viwanja vidogo vidogo sita, wanne kwa wanne, wengine wakisubiri zamu fupi kandokando. Sheria nilizowapa zilikuwa mbili: mpira usishikwe kwa mkono, na mtu asisukumwe. Kuotea, kona, mpira wa kurusha, vyote niliviacha. Katika wanne kwa wanne mtoto hana pa kujificha na hana wa kumnyang'anya zamu. Mpira utamfikia tu.

Ulimfikia. Msuva yule alikuwa anapeleka pasi kwa mwenzake upande wa pili, akageuza bega mapema, na msichana mkimya akaingia katikati ya pasi ile akauchukua. Aliutuliza kwa unyayo, akainua kichwa. Nilimwona akiinua kichwa. Halafu akampa mwenzake kwa ndani ya mguu, pasi ya chini, na mwenzake akausukuma kati ya mawe. Hakushangilia. Alirudi nyuma kusubiri pasi inayofuata, akaidaka na hiyo kwa namna ileile. Zamu ilipobadilika na timu zikapangwa upya, Msuva alimwita wa kwanza: "Wewe, Manula, njoo kwetu." Jina la kipa wa Taifa Stars wa wakati ule likamkaa mpaka anamaliza la saba.

Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama kwenye kibaraza muda wote, mikono nyuma. Nilipopita na filimbi yangu aliniuliza kuotea nitawafundisha lini. Nikamwambia wakifika la tano. Akatikisa kichwa kukubali, akauliza mawe yale yataachwa pale au yaondolewe. Nikamwomba yaachwe.

Jumatatu iliyofuata, kabla kengele ya kwanza haijagongwa, darasa la nne lilikuwa limejipanga nje ya ofisi ya walimu, kila mtoto na mpira wake kwapani. "Shikamoo Madam. Na sisi tumetengeneza." Nikawapa Jumatano.