Mbishi wa Kimataifa: Ninavyobishana na Nisiowajua Kuhusu Vita na Tabianchi, na Usingizi Bado Ninao

Ukisema tu kwamba umebishana na mtu mtandaoni kuhusu Ukraine, Gaza au joto la dunia, hakosi mtu wa kukuambia kwa sauti ya upole, "Achana nao, unapoteza muda." Ushauri huu nimepewa na ndugu, na marafiki, na hata na watu niliokuwa nabishana nao. Wanaoutoa wana tabia moja: mabishano yote wanayasoma. Hawaandiki hata herufi, lakini ukikutana nao wanakuuliza, "Yule jamaa wa jua ulimmaliza vipi?" Sasa nikiachana nao, ninyi mtasoma nini?

Hao wasomaji wa kimya ndio ninaowaandikia. Anayebishana nami ana jina lake la kulinda mbele za watu, ni nadra abadilike palepale. Aliyekaa pembeni hana cha kupoteza. Ukishalijua hilo, matusi yanapungua uzito, maana unajua hadhira inaona nani katukana.

Ushauri wa pili ni mbaya kuliko wa kwanza kwa sababu unasikika kama akili: "Mshushie takwimu." Niliufuata kwa bidii. Kuna mtu aliuliza kwa nini Umoja wa Mataifa haukupeleka jeshi kuizuia Urusi wakati nchi nyingi zilipiga kura kuulaani uvamizi. Swali zuri kabisa. Nikamwandikia tasnifu. Nikamweleza kwamba kura ile ya tarehe 2 Machi 2022 ilipigwa kwenye Baraza Kuu, nchi 141 zikaunga mkono, 5 zikapinga, 35 zikajizuia. Kwamba Baraza Kuu linaweza kulaani mpaka koo likauke, lakini wa kuidhinisha nguvu za kijeshi ni Baraza la Usalama. Kwamba huko kuna wajumbe 15, watano kati yao ni wa kudumu wenye kura ya turufu, yaani mmoja wao akikataa azimio halipiti, na Urusi ni mmoja wa hao watano. Kwamba hata kupeleka jeshi Korea mwaka 1950 kuliwezekana kwa sababu Umoja wa Kisovieti ulikuwa umesusia vikao vya Baraza la Usalama, hivyo hapakuwa na wa kuinua mkono kukataa. Hiyo ya Korea niliifurahia mno. Niliisoma na kuisoma kabla ya kutuma, nikijipongeza.

Jibu likaja haraka kuliko mtu anavyoweza kusoma: "Sawa mkuu. Na Iraki 2003 je?"

Nikaandika ya Iraki. "Na Libya?" Nikaandika ya Libya, azimio namba 1973 la Baraza la Usalama, Machi 2011, lililoruhusu nguvu za kijeshi kuwalinda raia, kura kumi za ndiyo na watano waliojizuia, Urusi na China wakiwamo. "Na Sudan mbona hamsemi?" Nilikuwa kama mtu anayekimbiza kuku kwenye uwanja usio na ua: kuku hachoki, na watazamaji wanamshangilia yeye. Bando likaisha, vidole vikauma. Mwenzangu alikuwa ameandika vijisentensi ambavyo vingetosha kwenye kiganja, mimi nimeandika cha kutosha kuchapishwa. Mtu mmoja pembeni akaweka kikatuni cha kicheko, na nina hakika hakuwa anamcheka mwenzangu.

Utaratibu nilionao sasa hakuna aliyenishauri. Sijibu hoja mpaka mwenye hoja aitie saini. Naandika hivi: "Nikuelewe vizuri, mkuu. Unasema kwamba..." halafu naliweka dai lake, tena nalipanga vizuri kuliko alivyolipanga mwenyewe, kisha namalizia, "Ndivyo?" Nasubiri. Asiposema ndivyo, sina cha kujibu, nakwenda kulala. Usimpangie vibaya kwa makusudi ili umshinde kirahisi, maana atajua, na waliokaa pembeni watajua kabla yake. Mpangie kwa haki hata kama inakuuma. Mimi kuna siku nililipanga dai la mtu vizuri mpaka akanishukuru na kuniuliza kama niko upande wake.

Akishasema ndivyo, napiga skrinshoti. Watu hufuta. Halafu linakuja swali ambalo nalipenda kuliko yote: "Kama uko sahihi, tungetarajia kuona nini?"

Huyo jamaa wa jua ndiye aliyenifanya nilipende. Alikuja na maelezo yake kwamba joto hili la dunia linaletwa na jua, jua limekuwa likibadilika tangu kuumbwa kwa ulimwengu, na wanasayansi wanatafuta pesa. Zamani ningemrukia na kikomo cha ongezeko la joto cha digrii 1.5 kwenye Mkataba wa Paris wa 2015, na ule mwaka 2024 uliovunja rekodi zote za joto zilizopimwa. Angesema, "Ndiyo, kuna joto, ni jua," na tungekuwa palepale. Safari hii nikamfunga kwanza. Unasema dunia inapata joto kwa sababu nguvu ya jua inayotufikia imeongezeka, ndivyo? Akasema ndivyo. Na joto la jua likiingia kutoka juu, angahewa yote ingepashwa, tabaka la chini tunaloishi na lile la juu la stratosfia, ndivyo? Hapo akanicheka kabisa. "Hilo hata mtoto anajua. Lote lingepata joto."

Nikakaa na hiyo sentensi kidogo. Niliionea raha.

Kisha nikamwambia: tuna vipimo vya jua kutoka kwenye setilaiti tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na nguvu ya jua haijapanda kwa kiasi cha kueleza joto hili. Hupanda na kushuka kidogo kwa mzunguko wa takriban miaka 11, basi. Na angahewa? Huku chini joto limepanda, kule juu kwenye stratosfia limeshuka kwa miongo. Linapoa. Ukipashwa na jua hupati picha hiyo. Unaipata ukiongeza kaboni dioksidi, kwa sababu gesi hiyo huku chini huzuia joto lisitoroke, na kule juu kwenye hewa nyepesi husaidia joto kutoka kwenda angani. Tena mambo haya yalikokotolewa kabla hayajapimwa: mwaka 1967 Syukuro Manabe na Richard Wetherald walionyesha kwenye hesabu zao kwamba kaboni dioksidi ikiongezeka, chini patapata joto na stratosfia itapoa. Manabe akapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2021.

Jamaa akanyamaza kwa muda, halafu akarudi na lile la kila siku: "Data zimepikwa." Zamani hapo ndipo ningepandisha presha. Safari hii nikamuuliza kama hilo ni dai jipya, na kama ndilo, aliyepika aliwezaje kupika utabiri wa 1967 ulingane na setilaiti ambazo zilikuwa hazijarushwa bado? Hakurudi. Lakini skrinshoti yake ya "hata mtoto anajua" nimeshaombwa na watu wengi.

Niseme pia, mbishi bora niliyewahi kukutana naye alitokea humohumo. Aliandika kwa adabu kwamba stratosfia ilipoa pia kwa sababu ya kuharibika kwa tabaka la ozoni, kwa hiyo nisijigambe sana. Nilitamani kumnunulia soda. Hoja yake ni ya kweli: ozoni hufyonza mionzi ya jua na kupasha stratosfia, ikipungua tabaka hilo hupoa. Ila ozoni imeanza kurejea taratibu baada ya Itifaki ya Montreal ya 1987 kubana kemikali zilizokuwa zinaiharibu, na sehemu za juu za stratosfia zimeendelea kupoa hata hivyo. Tukajadiliana usiku kucha bila tusi hata moja. Watu wa aina hii wapo, ila hawajitokezi ukiwa unapiga kelele.

Wa volkeno, wanaosema kaboni dioksidi inatoka kwenye volkeno na si kwa binadamu, siwapi muda mrefu. Volkeno zote duniani kwa mwaka hutoa chini ya asilimia 1 ya kaboni dioksidi inayotokana na shughuli za binadamu. Na mlipuko mkubwa wa Pinatubo mwaka 1991 uliipoza dunia kwa takriban nusu digrii kwa muda, kwa sababu chembechembe zake ziliuzuia mwanga wa jua. Yaani wameleta shahidi wa upande wa pili.

Vita ni kitu kingine. Kwenye tabianchi mtu anakuletea maneno, kwenye vita anakuletea klipu, na klipu ina nguvu kuliko aya kumi. Hapa ushauri ninaouchukia ni ule wa "mwambie tu ni feki". Ukimwambia mtu kitu chake ni feki, anakitetea kama mtoto wake. Mimi namuuliza anaona nini.

Kuna aliyeleta klipu ya wingu kubwa jeupe likitanuka kama kuba juu ya mji, na maandishi kwamba bomu la nyuklia limepigwa jana usiku na vyombo vya habari vinaficha. Watu wamepaniki, wengine wanaomba dua. Niliitambua mara moja, ila sikusema. Nikaisimamisha kabla ya mlipuko wenyewe, pale picha inapokuwa safi, nikaikata na kumwekea: "Mkuu, haya majengo meupe marefu yaliyosimama safu moja kando ya moshi ni nini?" Akasema yanafanana na maghala. Ya nini? Ya nafaka, mwingine akadakia. Na hii ni bandarini, si ndiyo? Ndiyo. Na mbona anga ina mwanga, wakati bomu lilipigwa usiku? Sasa uzi mzima umeacha dua, umekuwa upelelezi. Dakika chache baadaye mtu nisiyemjua akaimaliza kazi mwenyewe: ni Beirut, tarehe 4 Agosti 2020, jioni, zilipolipuka tani 2,750 hivi za amoniamu naitreti zilizokuwa zimehifadhiwa bandarini. Mwenye klipu akaifuta. Raha yake ni kwamba mimi sikutamka neno "uongo" hata mara moja.

Zile za makombora yanayotungua ndege usiku, nyingi nilizoletewa zimetoka kwenye mchezo wa kompyuta wa Arma 3. Watengenezaji wake, Bohemia Interactive, walilazimika kutoa maelezo mwaka 2022 jinsi ya kuzitambua: picha hafifu, kamera inayotikisika, giza, watu hawaonekani wakitembea, moshi na milipuko isiyo ya kawaida. Ukitafuta picha kwa injini ya kutafutia na usiipate, igeuze kushoto iwe kulia kisha tafuta tena, maana wajanja huzigeuza kabla ya kuzisambaza. Hila hiyo imeniokoa zaidi ya vitabu vyote.

Wanaochanganya mahakama mbili za The Hague siwacheki, maana hata watangazaji huzichanganya. Moja, Mahakama ya Kimataifa ya Haki (ICJ), husikiliza kesi kati ya nchi na nchi, ndiko Afrika Kusini ilikoishtaki Israeli Desemba 2023. Nyingine, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), hushtaki watu, ndiyo iliyotoa hati ya kumkamata Putin Machi 2023 na ya Netanyahu Novemba 2024. Haina polisi wake. Putin alikwenda Mongolia Septemba 2024, nchi mwanachama wa mahakama hiyo, akapokewa kwa gwaride akarudi kwao. Mtu akikuambia "mahakama imeshindwa", muulize ipi, nusu ya ubishi inaisha hapo.

Na kuna sehemu sibishani kabisa. Mtu mmoja tuliparurana kuhusu nani anapeleka silaha Sudan, mpaka akataja kwamba ndugu zake wako mji wa Al Fashir, kulekule Sudan, na simu hazipatikani. Nilifuta jibu nililokuwa nimelianza, nikamuuliza habari za ndugu zake. Nani alianza vita ile ya Aprili 2023, jeshi la serikali la Burhan au kikosi cha RSF cha Dagalo, wengine wataendelea kubishana.

Yule wa "Na Iraki 2003 je?" alirudi. Wa namna hii nimepata dawa yao: "Swali zuri, lifungulie uzi wake, nitakuja." Wengi hawafungui, maana walikuwa wanataka mlango wa kutokea tu. Yeye akafungua. Nikamfunga kwa kauli kama kawaida, na akanifunga na mimi, kumbe alikuwa ananisoma muda wote. Sasa tuko kwenye azimio namba 1441 la Baraza la Usalama, Novemba 2002, lililoipa Iraki nafasi ya mwisho ya kuachana na silaha za maangamizi, lililopita kwa kura 15 bila hata moja ya kupinga, na kama lilitosha kuruhusu vita au lilihitaji azimio la pili. Mimi nasema lilihitaji. Yeye anasema nami nitie saini kwanza ni maneno gani ndani ya azimio yangenifanya nibadili mawazo. Jibu bado nalitafuta, na skrinshoti kashaiweka.