Kona ya shuka

Usiku wa tatu huu na bado naisikia. Tulikuwa wodini tunatandika kitanda namba nne, Sista upande wa dirisha, mimi upande wa mlango. Sista akakunja ile kona yake iliyonyooka kama bahasha, halafu bila kuniangalia akasema, "Kumbe na digrii yote hiyo bado tunakunja shuka pamoja."

Nikajibu, "Ndiyo, Sista."

Ndiyo, Sista! Miaka minne ya kutoka zamu ya usiku na kuingia darasani bila kulala, mlivyonivumilia hapa nikilalamika, na jibu nililokuwa nalo ni hilo.

Wiki ilikuwa na mengi: cheti changu kimetoka, matokeo ya mtihani ya mwanangu mkubwa yamekuja, tangazo la nafasi ya msimamizi wa wodi limebandikwa. Mimi nimenasa kwenye kona ya shuka.

Nikiosha vyombo namjibu vizuri sana. Namtajia Linda Aiken, mtafiti wa uuguzi, na wenzake, ule utafiti wa 2003 wa hospitali 168 za Pennsylvania, Marekani: penye asilimia 10 zaidi ya wauguzi wenye shahada, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 ulikuwa chini kwa asilimia 5. Kisha ule wa nchi 9 za Ulaya, 2014, uliopata asilimia 7. Naziambia sahani kwa sauti ya mtu anayetetea tasnifu.

Jana nikalifikisha jibu hilo mpaka mwisho, nikaona aibu. Ningekuwa namwambia nini? Ni Sista huyuhuyu, mwenye diploma yake, aliyenikuta mwaka wangu wa kwanza nikikodolea mashine macho, akaniwekea kiganja kifuani kwa mgonjwa na kusema nihesabu pumzi dakika nzima, nisikisie. Chuo kikanieleza kwa nini pumzi hubadilika kabla presha haijashuka, na jinsi ya kumwamsha daktari saa tisa usiku kwa maneno asiyoweza kuyapuuza. Kuhesabu kwenyewe nilikwenda nako.

(Mshahara, kwa mnaouliza: haujasogea.)

Leo ndipo nikalisoma lile tangazo vizuri. Sifa ya kwanza: shahada ya uuguzi. Nafasi anayoikaimu yeye, mwaka wa sita huu. Na lilibandikwa asubuhi ileile ya kitanda namba nne, kando ya mlango wa ofisi yake. Alikuwa ameshalisoma.

Maombi mwisho Ijumaa. Fomu iko mkobani, sijaandika hata jina. Kesho tuko zamu moja.

Halafu kitinda mimba wangu. Jioni kanisomea hadithi, kitabu kimekaribia kugusa pua. Nikamuuliza tangu lini anasoma hivyo. "Tangu zamani, mama."