Niliipita IELTS kwa lafudhi yangu ya Kilifi

Mwaka 2021 Mutahi Kagwe, waziri wa afya wa wakati ule, alitangaza kwamba kati ya wauguzi 300 wa Kenya waliofanya mtihani wa Kiingereza ili waende Uingereza, waliopita ni 10 tu. Kuanzia hapo kila mtu akawa mwalimu wetu. Mimi ni muuguzi, na nilipojiandikisha kwa IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza, ushauri ulinifuata hadi wadini: ongea kama Mwingereza, kariri maneno mazito, kariri insha nzima nzima. Ushauri huo bado unazunguka na bado unakula pesa za watu, ndiyo sababu naandika.

NMC, baraza linalosajili wauguzi kule, linataka alama 7 kati ya 9 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika, tena iwe IELTS ya Academic, ile ya masomo na taaluma. Kuna mtihani mwingine pia, OET, wa watu wa afya, lakini ada yake ilinishinda. IELTS yenyewe nilipoifanya ilikuwa shilingi elfu thelathini na kitu, si pesa ya kuchezea. Kusikiliza na kusoma hakukunisumbua.

Kituo kimoja cha mafunzo kilinipokea kwa ahadi kubwa. Mwalimu alitupa utangulizi mmoja wa insha, wa kutia kwenye mada yoyote ile, umejaa maneno ambayo sijawahi kumsikia daktari wala profesa akiyatumia. Kwa kuzungumza akatufundisha kubana pua na kumeza herufi. Nikaingia mtihani hivyo hivyo nilivyofundishwa. Kuandika kuna kazi mbili, na ya pili, insha, inataka maneno yasiyopungua 250. Ule utangulizi ulikula robo nzima na haukujibu chochote kilichoulizwa, na mtahini anapima kama umejibu swali. Kwenye kuzungumza nako, mbele ya mtahini, nikichunga sauti, wazo linakimbia. Nikilikamata wazo, sauti inarudi Kilifi. Kuandika nikapata 6, kuzungumza 6.5. Nilikasirika mno, kwa sababu kazi nzima naifanya kwa Kiingereza: ripoti, faili za wagonjwa, kila kitu.

Aliyenifungua macho ni mwenzangu wa zamu ya usiku. Alishika kadi ya swali, akanisikiliza nikibabaika, akaniambia: "Sista, asubuhi ukikabidhi wadi huwa hukwami hata kidogo. Hapa unakwama na nini?"

Basi nikachukua SBAR, ule mpangilio tunaotumia kukabidhi wagonjwa: hali ilivyo (Situation), historia yake (Background), tathmini (Assessment), pendekezo (Recommendation). Katika sehemu ya pili ya kuzungumza unapewa kadi, dakika 1 ya kujiandaa, karatasi na penseli, kisha unaongea hadi dakika 2. Mimi naandika herufi nne tu, S, B, A, R, na neno moja moja kando yake. Nikiambiwa nieleze mtu aliyenisaidia: ni nani na alifanya nini, tulijuana vipi, kwa nini msaada ule ulikuwa mkubwa, ningependa kumlipa vipi. Dakika 2 zinaisha bado nina maneno! Mtahini akikukata usishtuke, muda umekwisha tu. Usiku wadi ikitulia tulikuwa tukirekodiana kwa simu, kisha najisikiliza nikienda nyumbani. Kuhusu lafudhi, matamshi yanapimwa kwa kueleweka. Tamka miisho ya maneno, usikimbie, basi.

Kuandika nako nilianza kwenye chati ya joto la mgonjwa. Kazi ya kwanza, ya maneno 150, inakupa grafu au jedwali uieleze, na watu wengi wanahesabu kila nukta. Muuguzi hasomi chati hivyo. Daktari akiuliza, unamwambia kwanza sura ya jumla: homa ilipanda siku mbili za mwanzo, dawa ilipobadilishwa ikaanza kushuka. Namba zinafuata, zile za maana tu. Nilichukua grafu za magazetini nikawa naziandikia ripoti hivyo, sentensi ya jumla mwanzoni.

Muda wote wa kuandika ni dakika 60, na kazi ya pili ina uzito mara mbili ya ile ya kwanza. Nilianza na hiyo ya pili, ingawa niliambiwa nifuate mpangilio wa maswali. Nilichagua mtihani wa kompyuta, maana idadi ya maneno unaiona papo hapo chini ya skrini. Kama huandiki haraka kwa kibodi, uliza kama mtihani wa karatasi bado upo. Na kila insha ya mazoezi mpe mtu aisome akuambie msimamo wako ni upi. Asipoujua, iandike upya.

Nilipoufanya tena, kuzungumza nilipata 7.5, kuandika 7, kwa Kiingereza changu kile kile. Matokeo yanadumu miaka 2, kwa hiyo anza kukusanya karatasi za NMC kabla hujaufanya mtihani.