Jumamosi Mwalimu Alipoivunja Foleni

"Mwalimu, zamu yangu bado?"

Swali hilo la mtoto wa miaka tisa ndilo lililovuruga ratiba ya mazoezi ya soka Jumamosi ile, na lilivuruga kwa heri.

Ratiba ilikuwa ya dakika 75. Tulitarajia watoto 14 wa chini ya miaka 10, wakaja 24. Tulikuwa na mipira sita, koni 20, vizibao 12 vya kutofautisha timu, na watu wazima wawili: Mwalimu, ambaye kazi ile hakulipwa hata senti, na mimi mshika koni wake. Akafanya ambalo makocha wengi hulifanya wakizidiwa: mistari miwili mbele ya goli, kila mtoto apige, aufuate mpira, arudi nyuma. Kwa mbali yalionekana mazoezi ya maana kabisa.

Alipoulizwa lile swali akatazama saa. Zamu moja ilikula kama sekunde 10. Mstari una watoto 12, kwa hiyo kila mmoja alipiga mara moja katika dakika mbili. Robo saa nzima, mara saba au nane. Muda uliobaki ulikuwa wa kusukumana, kung'oa nyasi na kuning'inia kwenye mwamba wa goli. Hilo la mwisho ndilo lililomshtua. Goli lenyewe lilikuwa la kuhamishika, na goli la namna hiyo lisipobanwa chini kwa vigingi au mifuko ya mchanga, mtoto mmoja tu akining'inia laweza kupinduka na kumponda. Filimbi ikalia. Tukalilaza kifudifudi, tukaachana nalo.

"Anza pembe ile," akaniambia. "Hatua 20 kwa 15."

Tukapima viwanja vinne vidogo vilivyogusana, kama dirisha la vioo vinne. Vikigusana hivyo, pembe zinatumika kwa pamoja na koni tisa zinatosha. Ukivitenganisha zinahitajika 16. Zilizobaki 11 hazikufika kwenye magoli manane, maana kila goli linataka mbili, basi mabegi yakaziba pengo. Goli hatua mbili, kipa hakuna. Watatu kwa watatu, watoto wote 24 ndani, na vizibao 12 vikatosha kama vilivyohesabiwa.

Ubaya wa mipaka ya pamoja ni kwamba mpira wa huku unaingia kule kila mara. Ndiyo maana mipira miwili aliiweka akiba pale katikati: ukitoka wako, chukua mwingine, ingia nao kwa miguu. Kurusha kwa mikono alikufuta. Kwa umri ule kunapoteza muda tu.

Kabla ya kuanza aliibonyeza mipira kwa vidole gumba. Miwili ilikuwa saizi namba tano, ya wakubwa, migumu kama jiwe, ilhali namba nne ndiyo iliyowafaa. Mtoto akiupokea mpira wa hivyo unamdunda mguuni, naye anaanza kuukwepa. Akailowanisha sindano ya pampu kwa mate, akaiingiza taratibu na kupunguza upepo kidogo. Ukiichomeka kavu inaweza kuchana raba ya ndani ya vali, pale upepo unapoingilia, na baada ya hapo utajaza upepo kila wiki bila kujua unapotelea wapi.

Kila baada ya dakika nne, filimbi: walioshinda wanasogea kiwanja cha juu, walioshindwa cha chini. Raundi ya kwanza ilikuwa vurugu tupu. Kufikia ya tatu wenye nguvu walikuwa wamekutana wao kwa wao, na yule muuliza zamu, aliyekuwa mtu wa kujificha nyuma ya wenzake, alikuwa akipiga chenga kiwanja cha chini kwa sababu hakuwa na pa kujificha.

Wazazi wakapaza sauti, "Piga! Piga!" Mwalimu hakugombana nao. Wawili waliopiga kelele zaidi aliwapa kazi ya kurudisha mipira. Mtu anayekimbilia mpira hapati pumzi ya kufundisha.

Mwishoni tulihesabu koni (19; ya 20 aliikalia mtoto) na kuweka alama daftarini, jina kwa jina, kila aliyechukuliwa. Akabaki mmoja. Nilikuwa nimeshabeba mfuko wa mipira niondoke, Mwalimu akaniita nirudi: mtoto habaki na mtu mzima mmoja. Tukakaa watatu ukingoni mwa uwanja, mahali pa wazi, mpaka dada yake alipotokea.